Sindano Iliyopotea kwa Kinyozi

Ijumaa nilikwenda kwa kinyozi mmoja wa Mtaa wa Msimbazi kuchukua foronya yangu. Maana yule bwana, mbali na kunyoa, anadarizi. Povu likiwa linalainisha ndevu za mteja, yeye hushika kitambaa, akapiga mishono michache ya msalaba, akakiweka, akashika kingine. Anavyo vinne kwa mpigo, kila kimoja na sindano yake.

Kitini alikaa bwana harusi, povu hadi masikioni, taulo shingoni. Msikitini walikuwa wanamsubiri.

Kinyozi aliipapasa foronya yangu, akasita. "Bibi, hujaona sindano yenye uzi mwekundu?"

"Nimeingia sasa hivi, mwanangu. Uliichomeka wapi?"

Kinyozi akageukia kiti. Akalitazama taulo, nami nikalitazama. Bwana harusi akaacha kumeza mate.

"Fundi," akasema, midomo haichezi, "iko kwangu?"

"Usitikisike, bwana. Hata kidogo."

Nikainama, nikalifunua taulo polepole. Sindano ilikuwa kwenye pindo, ncha imeelekea kooni.

"Ah, kumbe ipo," kinyozi akasema. Akaichomoa, akamalizia kwanza ua la foronya yangu, ndipo akachukua wembe. Bwana harusi akamshukuru kwa adabu zote. Angefanya nini, na wembe uko shingoni?

Tangu siku hiyo mume wangu namnyoa mwenyewe nyumbani. Analalamika kwamba mikono yangu inatetemeka. Namwambia ashukuru kwamba sijui kudarizi.