Kiti cha Mtoto wa Daktari wa Jeshi

Nilisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nasema mapema ili mtu asije kutafuta maneno makubwa hapa. Viti vya makanisa mawili ya Nakuru nimetengeneza kwa mikono hii, na madawati ya shule sijui ngapi. Wajukuu wangu walioenda chuo huniuliza nilijifunzia wapi ufundi. Nawaambia nilijifunzia jeshini, na bunduki sikuishika hata siku moja.

Ilikuwa wakati wa hali ya hatari. Kambi ya jeshi ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa Lanet, na mimi nilikuwa kibarua katika karakana yake ya mbao. Kazi yetu kubwa ilikuwa masanduku, kwa sababu Wazungu wa jeshi hawakai mahali. Leo karatasi inasema Nakuru, baada ya miezi mitano inasema Gilgil, na kila karatasi ikija, vyombo vya nyumba nzima vinaingia kwenye masanduku yaliyoandikwa jina la bwana kwa rangi nyeupe.

Waliohama kuliko wote walikuwa madaktari. Walikuwa vijana tu. Kijana amemaliza udaktari huko kwao, amekesha hospitalini akitumwa na madaktari wakubwa, sasa anataka apumue na mke wake. Serikali yake inamwambia bado, kwanza miaka miwili jeshini. Na hachagui pa kwenda. Mke akikubali kumfuata anakuja na watoto, wanapewa nyumba yenye vitanda vya jeshi na vikombe vya jeshi, na kabla hajazoea jiko, karatasi nyingine imeingia.

Wenzangu waliwacheka. Mimi niliwaonea wivu. Walihamahama, sawa, lakini walihama pamoja. Mke wangu mimi alikuwa Ndabibi, kwa baba yake, kwenye shamba la mzungu, na siku hizo huwezi kumchukua mtu tu ukamleta mjini. Lazima kuwe na barua inayosema atalala wapi. Vibarua tulilala kumi na wawili banda moja. Vyumba vya wenye wake vilikuwa safu moja ya mawe nyuma ya stoo, na vilikuwa vya mafundi. Ili uitwe fundi, mkuu wa karakana aandike kwamba wewe ni fundi. Yeye kwangu alikataa kuandika.

Alikuwa Mhindi mwenye kilemba na ndevu nyeupe, na mkono wake kwenye randa sijaona mwingine mpaka leo. Ugomvi wetu ulikuwa futi. Mimi zile alama ndogo za futi sikujua kuzisoma. Nilipima kwa kamba yangu ya mkonge, nimeifunga mafundo, na masanduku yangu yalifunga vizuri kuliko ya wengi. Mara mbili aliniita mtihani, mara mbili akanipa futi mkononi, nikasimama nayo kama mtu aliyepewa nyoka.

“Wewe iko na mkono ya fundi,” aliniambia, “lakini kichwa iko ya punda. Hapana jua inchi, hapana pata chumba.”

“Mzee, sanduku langu linafunga au halifungi?”

“Nafunga. Bahati yako.”

Basi kulikuwa na daktari mmoja, mrefu, shingo nyembamba, kofia ya jeshi imemkaa kama ya kuazima. Alikuwa na mke na mtoto mmoja wa kike, karibu miaka miwili. Huyo mtoto alizaliwa nyonga imeteguka, wakamfunga plasta ngumu kutoka kiunoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, miguu imepanuliwa huku na huku kama ya chura. Alikuwa akae hivyo miezi kadhaa. Tulimwona kila siku amebebwa ubavuni mwa mama yake, plasta imechafuka vumbi la Nakuru, anapungia mkono kila mtu.

Karatasi ya daktari ikaja: Nanyuki, siku nane. Ofisa wa magari akasema mtoto haendi. Barabara ya kwenda huko, ya kupitia Thomson's Falls, ilikuwa mbaya, mtoto hawezi kukaa kwenye kiti cha watu, na akishikwa mikononi kutwa nzima plasta itapasuka. Nyumba yao hapa ilishapewa daktari mwingine. Kwa hiyo baba aende Nanyuki peke yake, na mama na mtoto warudishwe Ulaya.

Yule mama alikuja karakana mwenyewe, mtoto ubavuni, akamwambia mkuu wetu anataka kiti.

“Memsahib, mimi natengeneza sanduku,” Mhindi akasema. “Mtoto hapana sanduku.”

“Nataka kiti ya yeye kukaa ndani ya gari.”

“Kiti ya miguu namna hii hapana iko dunia nzima.”

Mimi nilikuwa nimebeba mbao, nikasimama kumtazama yule mtoto. Kabla ya kuja mjini nilifagia zizi la farasi Ndabibi miaka minne, na matandiko yao ya ngozi niliyapaka mafuta kila Jumamosi. Wao wote walikuwa wanaangalia miguu ya chura. Mimi niliona mtu aliyepanda farasi. Mtu wa namna hiyo hatafutiwi kiti, anatafutiwa tandiko.

Nikaweka mbao chini. “Mimi nitatengeneza.”

Karakana nzima ikacheka. Mkuu alicheka mpaka akashika kilemba. Yule mama hakucheka.

Jioni daktari akanifuata bandani. “Wewe nataka shilingi ngapi?”

“Sitaki shilingi, bwana. Nataka chumba.”

Nikamweleza. Akasikiliza ameinamisha ile shingo yake.

“Wewe iko na bibi?”

“Iko Ndabibi.”

“Siku ngapi hapana ona yeye?”

“Tangu mahindi yapandwe. Sasa yamevunwa.”

 Akasema vyumba si kazi yake, yeye ni mtu wa homa na vidonda, lakini kiti kikifaa atakwenda mwenyewe kwa mkubwa wa stoo. Mkuu wa karakana naye akaweka sharti lake mbele ya watu: nitumie vipande vya mbao vilivyotupwa, nifanye baada ya kazi, na kiti kikishindwa nisimtajie tena habari ya mtihani. Nitabeba mbao mpaka nirudi kwetu. Nikasema sawa. Nilikuwa kijana, na mdomo wangu ulikuwa mbele ya miguu yangu.

Kesho yake nikaenda kwao na kamba yangu. Nikampima mtoto goti kwa goti, kiuno, mgongo, nikafunga mafundo. Nikiwa njiani kurudi, ile mvua ya alasiri inayoshuka kutoka Menengai ikanikuta. Nikalowa mimi, kofia, kamba, kila kitu. Nikafika nikaanza kukata mbao.

Sasa nisikilize. Mtu yeyote aliyekulia kwenye mifugo Ndabibi anajua kamba ya mkonge ikilowa inajivuta na kufupika. Ukimfunga ng'ombe jioni na mvua inyeshe, asubuhi fundo halifunguki mpaka ukate. Mimi nililijua hilo kabla sijaota meno ya pili. Lakini nilikuwa na haraka, tena nilikuwa nasikia vicheko vyao masikioni, nikitaka kuwaonyesha. Sikufikiri. Nikakata kwa kamba iliyolowa.

Siku tatu nikachonga. Nilifanya kisanduku kisicho na mbele, katikati mgongo wa tandiko wa mti wa podo, nimeulainisha kwa msasa, juu yake blanketi la jeshi lililojazwa manyoya ya farasi. Kilikuwa kizuri. Siku ya nne nikakibeba kichwani mpaka kwa daktari, na nusu ya karakana nyuma yangu kama wanakwenda harusini, mkuu akiwa wa kwanza.

Mama akamshusha mtoto. Magoti yakagonga mbao. Akamgeuza, akamshusha tena. Hayaingii. Mtoto akaanza kulia.

“Hii iko kiti ya paka,” mkuu akasema.

Wakacheka.  Yule mama alimnyanyua mtoto akageukia ukuta, na niliona mabega yake yanavyotikisika. Nikaitazama kamba iliyokuwa shingoni mwangu, imekauka na ugumu wake, nikajua. Nimewahi kupigwa na nyapara mbele ya watu. Siku hiyo iliniuma zaidi.

Ningeweza kusema mtoto amenenepa. Kuna mtu aliyeninong'oneza hivyo. Nikasema, “Memsahib, kosa ni langu. Kamba yangu ililowa. Nipe mtoto tena.”

“Siku iko mbili tu,” akasema bila kugeuka.

“Zinatosha.”

Nikaomba ubao wa kupigia pasi na kipande cha mkaa jikoni. Nikamwambia amlaze mtoto chali juu ya ubao, upana haukutosha, tukaongeza mlango wa kabati niliouchomoa bawaba pale pale. Kisha nikapiga magoti nikamzungushia mkaa yule mtoto pande zote, mguu huu, katikati, mguu ule, kama mtu anayechora mpaka wa shamba. Plasta ikawa nyeusi pembeni. Mama akapiga kelele, “Mkaa! Mkaa kwa plasta!” Mtoto ndiye aliyecheka. Alidhani nacheza naye. Akanyang'anya mkaa akanipaka puani, na hapo mama yake pia, machozi bado yapo, akacheka.

Nilirudi na ubao wa pasi na mlango wa kabati la serikali mgongoni, nikakata kwa kufuata mstari wa mkaa. Hapana kamba, hapana futi. Mtoto mwenyewe alikuwa amejipima.

Jioni ya mwisho mkuu wa karakana alikuja akasimama juu yangu. Nilingoja matusi. Akapitisha kidole kwenye ubavu wa kiti.

“Hapa nyembamba. Barabara mbaya, itapasuka. Tia chuma.”

“Sina chuma.”

Akatoa mfukoni vipande viwili vya chuma vilivyokwisha kutobolewa, vya kipimo chake, akaviweka kwenye meza yangu, akaenda zake. Nikavipigilia.

Asubuhi ofisa wa magari akakagua. Mtoto akaingia kwenye kiti kama mkono unavyoingia mfukoni. Nikakifunga garini kwa mikanda. Ofisa akasema hiyo haitoshi, anataka kuona mwendo. Akaamuru gari lipite njia mbaya kuliko zote, ile ya mawe kuelekea Solai, na mimi nyuma nikishikilia chuma cha turubai. Dereva yule nadhani aliambiwa atafute kila shimo. Meno yangu yaligongana. Mtoto aliimba nyimbo zake mpaka tukafika kwenye kijito, halafu akasinzia. Tuliporudi ofisa akainama, akagonga plasta kwa kidole hapa na pale kama anayechagua tikiti maji sokoni. Haikuwa na ufa. Akatia sahihi kwenye karatasi, waende wote watatu.

Daktari alirusha kofia yake juu ya gari. Kisha akaniambia, “Sasa bibi yako,” akanishika mkono mbele ya askari wote tukaenda stoo.

Mkubwa wa stoo alikuwa mnene, hana haraka. Akamwita mkuu wa karakana. “Huyu mtu iko fundi au hapana fundi?”

Mhindi akanitazama. “Hapana jua inchi,” akasema.

Mkubwa wa stoo akaweka kalamu chini, lakini Mhindi hakuwa amemaliza.

“Lakini mimi natengeneza mbao miaka thelathini, na kiti hii mimi nasema hapana iko dunia nzima. Yeye naleta. Kosa yake yeye nasema mbele ya watu, halafu naleta tena. Andika fundi.”

Wakaandika. Niliona kalamu ikitembea, na ingawa sikujua kusoma vizuri, hilo neno nilipoonyeshwa nililishika sura yake. Tulipotoka nje mkuu akaniambia, “Kesho saa kumi na mbili. Inchi.” Nilizijua zote kabla ya wiki kwisha, hata zile robo na nusu robo, na miaka sita baadaye, mzee alipoondoka, funguo za karakana ile alinikabidhi mimi.

Daktari na watu wake waliondoka Jumatano. Yule mama alitoa mkono dirishani mpaka gari likapotea. Sikuwasikia tena, wala sikutegemea. Watu wa karatasi ndivyo walivyo.

Mke wangu alifika siku kumi baadaye kwa lori la maziwa, barua ameifunga kwenye kitambaa cha kichwa, mikononi sufuria mbili na kuku mmoja. Nilimpeleka moja kwa moja nyuma ya stoo. Alisimama katikati ya chumba, akazunguka mara moja, na ukubwa wake kwa kweli haukuhitaji zaidi ya mara moja.

“Ni hiki?”

“Ndiyo hiki.”

“Cha kwetu? Hakuna mtu mwingine analala hapa?”

“Hakuna.”

Akaenda mlangoni akalitazama komeo. “Linafunga kwa ndani?”

“Nimelitia mwenyewe.”

Nje wenzangu wa bandani walikuwa wamekusanyika, mchana kweupe, wanangoja kumsalimu shemeji na kunywa chai. Mmoja akapaza sauti: “Fundi! Chai iko wapi?”

Mke wangu akasukuma komeo. “Waambie,” akasema, “fundi yuko kazini.”