Ringi Iliyonitangulia Ukweni Chome

Jamani, habari hii nimeikwepa miaka mingi, lakini kila mtu wa kwetu akikaa nami mezani huanza kucheka kabla sijafungua mdomo, najua ameshaambiwa, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe na aibu yangu niibebe: mimi, fundi wa magari, tena fundi niliyekuwa nikiwafokea wenzangu kwa kufunga magurudumu vibaya, nilipanda Chome, kijijini kwetu kwenye milima ya Upare, kwenda kuposa, na gurudumu la gari langu likafika ukweni kabla yangu.

Enzi hizo nilikuwa fundi kwenye shamba la mkonge, kule chini Bendera. Mashamba yalikuwa yametaifishwa si muda mrefu, na meneja Mgiriki aliyeondoka akaniachia kigari chake chekundu cha viti viwili, kisicho na paa, gari la mbio hasa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikilitibu, na pia (tusidanganyane) kwa sababu halikuwa na ringi hata moja nzima, barabara zetu zilikuwa zimezikunja zote. Basi likawa limekaa juu ya matofali, nami kila jioni nalifuta vumbi na kuliwaza kama mtu anavyomuwaza mchumba.

Na mchumba nilikuwa naye, Namkunda, binti wa Mzee Elinaja wa Chome. Mzee huyo alikuwa mzee wa kanisa, na tena ndiye msimamizi wa ndiva, lile bwawa letu la udongo na mawe linalokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa huko huko, ila tangu niteremke mkongeni sikuwa nimeonekana kwenye msaragambo, yaani kazi ya wote, ambapo pembe ikilia kila mtu anatoka na jembe lake bila kuuliza. Namkunda aliniambia wazi tulipokutana gulioni Same.

"Baba anasema wewe si mtu wa kwetu tena. Anasema pembe ikilia husikii."

Mtu mwenye akili angepanda na jembe. Mimi nikaamua kupanda na gari.

Nikalipakia gari kwenye lori la mkonge, nikaenda nalo kwa rafiki yangu Athumani, mwenye gereji pale Same, kutafuta ringi. Sasa, ringi haichaguliwi kwa macho, hilo nililijua hata usingizini: unapima tundu hadi tundu, unaangalia uwazi wa katikati ukae kwenye habu, kile kitovu cha ekseli, bila kucheza, unaangalia kina chake ili tairi isikwaruze breki kwa ndani wala madigadi kwa nje, na mwisho unaangalia nati, maana kila ringi ina nati zake. Athumani alikuwa na ringi nyeusi za kawaida, zinalingana kabisa na zile za zamani, na pembeni alikuwa na nyingine pana, zinazong'aa mpaka unajiona meno. Nikazipima hizo za kung'aa. Matundu sawa, habu sawa, nikazungusha usukani kushoto na kulia, tairi haigusi kitu. Moyo wangu ukacheka.

"Ila hizi zinataka nati za mdomo bapa," Athumani akasema. "Zako zimechongoka, hazitakaa sawasawa. Chukua na hizi."

Nikaziangalia nati zangu. Nzima, hazina kutu, nimezisafisha kwa mafuta ya taa mwenyewe. Na hapo ndipo Upare uliponipanda kichwani (wenzetu wanatutania kwamba sisi ni bahili, na siku ile walikuwa na haki yao).

"Nati nzima kama hizi nizitupe?"

"Nani kakwambia uzitupe? Ziweke kwenye kopo. Ila usizifunge hapa."

"Mbona zinakaza?"

"Zinakaza, ndiyo," akasema Athumani, na akaendelea na kazi zake, maana alinijua. Nami nikazifunga zile zile zangu.

Siku ya siku ikafika. Nimevaa suti, mjomba wangu Senkondo, ambaye ndiye mshenga, amekaa kando yangu na koti lake la kanisani, na juu ya mapaja yake amempakata mbuzi wa uchumba, kwa kuwa gari lile halikuwa na mahali pengine pa kumweka. Tukaacha barabara kuu pale Makanya, tukaanza kupanda. Kinamama wanaotoka sokoni wanasimama kutushangaa, mimi nawapungia mkono, mbuzi naye anapiga kelele kona zote. Tulipofika juu, hewa ya baridi ikitupiga usoni, nikasikia mbele kushoto, ngo, ngo, ngo.

"Mpwa wangu, nini hicho kinagonga?"

"Mawe tu, mjomba."

"Mawe yanagonga kwa mpangilio?"

Nisingekuwa na watu wa kuwapungia ningesimama. Sauti ile niliifahamu vizuri sana, nati inayolegea haijifichi kwa fundi, lakini nyumba za Chome zilikuwa zimeshaanza kuonekana, na nani asimame ukweni kuchuchumaa chini ya gari na suti? Tukaingia kwenye mteremko unaoelekea ndiva. Gari likainama upande mmoja, likakwaruza ardhi, na gurudumu zuri, linalong'aa, likatupita.

Mjomba akalitazama linavyokwenda, akauliza kwa utulivu kabisa, "Gurudumu la nani lile?"

Sisi tuliishia mtaroni, bila jeraha, Mungu ni mwema. Gurudumu lenyewe halikuwa na haja na mtaro. Liliruka ukingo, likashuka moja kwa moja, likagonga ukuta wa ndiva mahali penye mlango wa maji, likazama humo humo, na maji ya zamu, yaliyokuwa yakingojewa na nusu ya kijiji, yakatoka kwa kishindo. Kando ya ukuta, suruali imelowa mpaka magotini, alikuwa amesimama Mzee Elinaja.

Nikateremka mbio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gurudumu lako limeshatangulia kusalimia."

Pembe ikalia. Watu wakamiminika na majembe na makarai, vijana wakiimba "Bepari kaangusha gurudumu!" (siku hizo neno hilo lilikuwa baya kuliko mwizi), huku mbuzi wangu akiwa tayari ndani ya maharage ya mtu. Nikavua koti, nikaingia kwenye maji na shati langu jeupe, nikabeba mawe, nikakanyaga udongo, sikuinua uso. Kila nilipopokea karai la udongo niliona mikono ya Namkunda, na yeye mwenyewe ameuma ncha ya kanga asicheke.

Tulimaliza jua likizama. Likaletwa sufuria la makande, tukala wote tumesimama, matope mpaka masikioni, na sijawahi kula makande matamu vile.

"Leo pembe umeisikia," Mzee Elinaja akasema.

"Nimeisikia, baba."

Akatafuna kwanza. "Basi mjomba wako aingie ndani tuzungumze. Na mkamtafute huyo mbuzi."

Ringi ilitolewa ndivani imekunjika, haifai. Baadaye, pembe ya zamani ilipopasuka, wakaitundika ringi ile kwenye nguzo, ikawa ndiyo inayogongwa kuita watu kwenye msaragambo. Mlio wake unafika mbali. Kila tulipopanda kusalimia wazee, ikilia tu, Namkunda alinigeukia, "Mume wangu, gari lako linakuita." Nami nilitoka na jembe.

Mwaka jana tulimpandisha Namkunda kwetu Chome kumzika. Asubuhi na mapema wakaigonga ringi, kuita watu wa kuchimba kaburi. Nikageuka upande wake nimsikie anavyosema.

Nati zile zingali kwenye kopo, dirishani. Sitazifunga tena kwenye gari la mtu yeyote, nimeapa. Nilitaka kuzitupa tangu tulipooana, Namkunda ndiye aliyenikatalia. Alisema bado nzima.