Nilibadilisha fil za bougie mwenyewe, gari ikakataa kuwaka siku ya kumuchukua mama mukwe Iga

Wakuu, salamu kutoka Bunia. Hii sikuisikia kwa mtu. Ilinipata mimi, mbele ya nyumba yangu, na avenue nzima iliona. Swahili yangu ni ya Ituri na hasira bado iko juu, mutanivumilia.

Gari yangu ni muzee, ya carburateur na delco, kile chombo kinachogawia moto bougie nne, yaani plagi. Wiki ile ilianza kukohoa kwenye mlima.

Mama mukwe wangu alikuwa Iga Barrière. Kijiji chake huko Djugu kilichomwa na watu wa bunduki, akakimbilia kwa dada yake pale Iga. Ijumaa akapigia binti yake, bibi yangu, simu: "Huku watu wameanza kufunga mizigo. Mukuje munichukue."

Nikasema kesho saa mbili asubuhi niko njiani.

Lakini barabara ile na gari inayokohoa? Ikizimika katikati, nani atanisukuma? Nikanunua fil mpya, zile nyaya zinazotoka delco kwenda kwa bougie, nikakunja mikono ya shati. Mimi ni mwalimu wa hesabu, wakuu. Nyaya nne zitanishinda?

Nikatoa zote nne mara moja. Sikupiga picha, sikuandika popote. Ya kwanza nilikumbuka mahali pake. Zingine nikazipanga kuzunguka delco: un, deux, trois, quatre, moja mpaka nne, kama wanafunzi kwenye mstari.

Nililala nikijisifu.

Asubuhi nageuza ufunguo, démarreur, mota ya kuwashia, inazunguka vizuri, batri ina nguvu, gari haiwaki. Tena. Haiwaki.

Bibi yangu akaleta fundi ambaye mtaani wanamuita Ingénieur. Nikamwambia ukweli: "Jana nilibadilisha fil."

Akacheka. "Muzee, fil haina kosa. Calculateur, kompyuta ya injini, njo imekufa. Nitaitosha humu ndani, niende nayo atelier kuitengeneza."

Akaingia chini ya tableau de bord, pale mbele ya usukani, akafungua, akang'oa, karibu saa nzima anatafuta hiyo calculateur.

Wakuu, gari ya namna hii haina calculateur! Haikuwahi kuwa nayo! Anatafuta figo ndani ya jiwe, na mimi nimesimama pale namushikia tournevis, bisibisi yake.

Alipoikosa akamwaga essence, petroli, kwa carburateur, akaniambia nipige démarreur. Nikapiga.

PAA!

Ninyi wa miji mingine mutacheka. Hapa kwetu mulio kama ule, sawa na risasi, haichekeshi mtu. Mama jirani anayeuza beignets, yaani maandazi, alianguka kifudifudi pembeni ya jiko lake. Milango ikafungwa avenue nzima. Binti yangu wa miaka sita alilala chini, mikono juu ya kichwa, bila kuambiwa na mtu. Alijifunzia wapi? Sikumufundisha mimi.

Nikasema acha, inatosha. Ingénieur akasema, "Mara moja tena, iko karibu." Akapitisha mkono dirishani, akageuza ufunguo mwenyewe.

PAA ya pili.

Askari wawili wa doria wakatokea mbio, bunduki mbele. "Nani amepiga?"

Na yule mutu, bila aibu, akaninyooshea kidole. "Gari ni ya muzee huyu." Akasimamisha pikipiki ya moto-taxi iliyokuwa inapita, akapanda, akaenda. Mimi nimepiga magoti kwenye vumbi, mikono juu, na wanafunzi wangu wawili wanachungulia kwenye uzio.

Aliyeniokoa ni mama wa beignets. Alisimama, unga kifua kizima, akasema, "Ni gari, wakubwa. Ni gari tu ya mwalimu." Askari mmoja akaitukana gari yangu, wakaenda.

Simu ya mama mukwe haipatikani. Bibi yangu anaipiga tena na tena. Saa tano. Saa sita.

Saa saba moto-taxi ikasimama. Mama mukwe mwenyewe, vumbi mpaka kwenye kope, cherehani yake imefungwa nyuma kwa kamba.

"Mukwe," akasema, "nilikungojea mpaka macho ikauma."

Barabara yote ile, peke yake, juu ya moto-taxi. Nikamweleza habari ya gari. Kumbe marehemu muzee wake, baba mukwe wangu, aliendesha taxi, na yeye ndiye alikuwa akimsaidia kuitengeneza. Mimi mukwe wa miaka tisa, sikuwahi kuuliza.

Akasogea kwenye injini. "Nani alikuambia utoshe zote ine pamoja?"

"Ni mimi, Mama."

"Na ulizipanga namna gani?"

"Un, deux, trois, quatre."

Alinitazama kama mtoto aliyejikojolea. "Moto haitembei vile. Iko un, trois, quatre, deux: moja, tatu, ine, mbili. Na delco yako inazunguka upande gani?"

Tukaangalia. Nikahamisha fil tatu. Akaniamuru nitoe bougie, zilikuwa zimelowa essence, nikazipangusa moja moja. Nikageuza ufunguo.

Ikawaka mara ya kwanza.

Nikaanza kucheka. Yeye hakucheka. "Zima," akasema. "Hiyo essence ilikuwa ya kuja kunichukua."

Kesho yake Ingénieur alituma mtu adai tournevis yake. Nilimurudishia, pamoja na maneno ambayo siwezi kuandika hapa.

Basi sikilizeni. Fil unatoa moja, unaweka moja. Piga picha kwanza. Gari ikigoma baada ya mkono wako kupita, anzia pale mkono ulipopita. Na fundi asiyetaka kusikia ulichofanya, mufukuze kabla hajafungua capot ya injini.

Lakini fil siyo inayoniuma zaidi. Binti yangu mpaka leo nikienda kuwasha gari anaingia ndani kwanza, anafunga mulango.

Mafundi wa humu, niambieni: mutu kama yule munamufanyia nini? Na wenye watoto, wa kwenu walisahau mulio kama huo baada ya muda gani?