Hedifoni za Evelina na Kuku wa Bibi Rahabu

"Umeniuzia kopo tupu," Evelina alisema, akazibwaga hedifoni juu ya meza ya fundi simu pale Soni, katikati ya bisibisi na vioo vilivyopasuka. "Uliniambia sauti itanizunguka kichwa. Haizunguki. Waimbaji wote wamejazana sikio la kulia kama mbuzi mlangoni, huku kushoto kimya."

Fundi Emanueli alijitetea kwamba hata boksi limeandikwa hivyo. Evelina akamwambia boksi halina masikio. Hedifoni hizo alizinunua kwa karoti za msimu mzima, apate kusikiliza nyimbo za kwaya ya usharika kana kwamba amesimama katikati ya wenzake. Maana kwenye kwaya alisimama mwisho wa mstari, wenzake wote wakiwa kuliani kwake. Akiwekwa katikati anapotea, na mwalimu akiuliza sababu, hujibu kwamba ndivyo alivyozoea.

Kwenye benchi aliketi Bibi Rahabu, shangazi wa mumewe, akisubiri simu yake ya vitufe. Akasema na ukuta, "Salamu hasikii, atasikia muziki?"

Hapo ndipo palipouma. Miaka sita iliyopita Bibi Rahabu alimwita mara tatu njia ya mtoni, na Evelina akapita na ndoo yake bila shikamoo. Kumpita hivyo shangazi wa mume ni sawa na kumtemea mate. Wazee wa ukoo wakaketi, wakaamua Evelina apeleke kuku wa kuomba radhi. Akagoma. Alisema hakusikia, na hawezi kuomba radhi kwa jambo asilolisikia. Bibi naye akaapa kutovuka kizingiti cha Evelina. Hata siku ya kipaimara cha Shukrani, binti wa Evelina, alikula wali wake nje ya ua kama mpita njia. Toka hapo jina la kiburi likamganda Evelina, kanisani na sokoni, na hakuna aliyejali kulibandua.

Emanueli, akiogopa wanawake hao wasije wakashikana juu ya meza yake, alianza kueleza. Ndani ya zile hedifoni mna spika mbili tu, moja kila sikio, mengine ni ujanja. Mtu akikuita kutoka kushoto, sauti hufika sikio la kushoto kwanza. La kulia huipata imechelewa kidogo mno, tena imefifia, kwa kuwa kichwa kimeikinga kama mlima unavyomkinga aliye bonde la pili. Ubongo hupima tofauti hiyo ukajua aitaye yuko wapi. Hedifoni huiga kuchelewa huko na kufifia huko.

Akamvisha Bibi Rahabu, akafungua sinema kwenye simu. Haikupita dakika, bibi akageuka kutazama nyuma.

"Nani huyo anaingia?"

Nyuma palikuwa na ukuta na kalenda.

Emanueli alikiri kwamba si kila mtu hudanganyika hivyo. Masikio ya watu hayafanani, na wengine husikia kila kitu kikiwa ndani ya fuvu lao. Lakini upande mmoja kuwa kimya kabisa, hilo hakuwahi kuliona. Akampa Evelina azivae kinyume, ya kushoto kulia. Sauti ikabaki kulia vilevile. Akamwomba azivue, azibe sikio la kulia kwa kiganja. Evelina akaziba, akaona midomo ya Emanueli ikicheza bila neno.

Hakulia, alipandwa na hasira. Alimkumbuka mwalimu wa darasa la tatu aliyemchapa kwa ujeuri kila alipomwita kutoka dirishani naye asiitike. Akakumbuka surua iliyomlaza mwezi mzima akiwa mdogo, nyumbani wakashukuru kwamba amepona, wakarudi shambani. Akawakumbuka wazee wa ukoo, wanaume saba na pombe yao, waliopima adabu yake mchana kutwa na hakuna hata mmoja aliyemwambia azibe sikio.

Bibi Rahabu alikohoa. "Basi, Mama Shukrani. Yule kuku nimekusamehe."

"Usinisamehe, shangazi," Evelina alisema. "Anayesamehewa ni mwenye kosa. Kosa langu lipi?"

Emanueli, akitafuta pa kujificha, alichokonoa simu ya Evelina hadi akapata mahali pa kuunganisha sauti za pande zote ziingie sikio moja. Hazikuzunguka, lakini zote zikawamo. Evelina akachukua hedifoni zake, akaondoka bila asante.

Jumamosi asubuhi alikuwa akimenya viazi barazani. Bibi Rahabu aliingia uani na mtetea mwekundu kwapani, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Akamzunguka Evelina, akasimama kuliani kwake.

"Huyu ni wako," alisema. "Aliyekosa ni mimi. Wale wazee nimewaambia tayari."

Evelina aliweka kisu chini. Hasira zilikuwa hazijamwisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Akampokea kuku, akauliza kama anataga, kisha akamtangulia bibi kuingia ndani.