Sauti ya Mama Ngalula

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, hata ninapokuwa sitaki. Mji wetu wa Likasi ulikuwa umekauka. Kampuni ya shaba ilikuwa imeacha kulipa watu, na jamaa wa asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa kuchimba madini, walikuwa wanafukuzwa mkoani kwetu Katanga. Wapiganapo tembo nyasi huumia, nasi tuliwaona walioumia wamelala na mafurushi yao pale stesheni, wiki baada ya wiki, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Mimi nilikuwa msichana wa kanisa, mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kila Alhamisi sisi wasichana tuliwapelekea akina mama wafungwa bukari, ndiyo ugali wetu, na sabuni. Humo gerezani tulianzisha kazi moja: mama anasoma hadithi mbele ya redio ya kaseti, tunairekodi, kisha tunampelekea mtoto wake aisikilize. Watoto hawakuletwa kuwaona mama zao. Ndugu waliona haya, na njia ilikuwa ndefu.

Mmoja wao aliitwa Mama Ngalula. Kosa lake sikumwuliza. Nawe ukikutana na mfungwa, mwulize kwanza habari za watoto wake. Hayo mengine hakimu ameshayauliza. Binti yake, Ngalula, mtoto wa miaka mitano, alikuwa stesheni na bibi yake. Watu walikuwa wamemwambia kwamba mama yake amekufa, maana waliona ni rahisi kuliko kutaja gereza. Tangu hapo mtoto alikuwa hali vizuri wala hazungumzi.

"Mufikishie sauti yangu mbele ya treni kufika," mama yule aliniambia. "Ajue miye niko muzima."

Tukachagua hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya chifu. Mama Ngalula hakuwa msomaji hodari. Alifuata maneno kwa kidole, akikwama, akirudi. Lakini kila alipofika kwa mbuzi alilia "mee!" mpaka wafungwa wenzake wakacheka. Betri zetu, pile kama tulivyoziita, zilikuwa hoi. Tulikuwa tumezianika juani juu ya jiwe, kama walivyofanya watu wote miaka ile ili zipate nguvu kidogo. Kaseti ilizunguka kwa uvivu, lakini ilizunguka.

Kesho yake nikaenda stesheni. Nilitaka sauti itoke kwa nguvu, kwa hiyo njiani niliazima betri mpya. Nikamkalisha mtoto, nikabonyeza. Ikatoka sauti nyembamba, ya mbiombio, kama ya kifaranga aliyekanyagwa. Ngalula alirudi nyuma akaanza kulia.

"Ile haiko sauti ya mama!"

Bibi yake, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo, akanikazia macho. "Weye mwana, umetuletea nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikaelewa. Tulirekodi kwa betri zilizochoka, kaseti ikienda polepole. Sasa betri mpya zilikuwa zinaikimbiza. Sauti ya mama yule ingetoka sawasawa kwa uchovu uleule tu. Nikazirudisha zile za zamani.

Ikatoka sauti yake yenyewe. Ngalula akanyamaza. Akasogea, akaweka sikio kwenye redio na mkono wake juu yake, kama anayezuia mtu asiondoke. Mbuzi alipolia, mtoto akacheka, na bibi yake akageuza uso upande wa reli. Nilifurahi, nisikufiche. Nilijiona nimeshinda. Lakini pale mbuzi alipofungwa kamba na kupelekwa mbele ya chifu, sauti ikaanza kuwa nzito, ikavutika, ikakatika.

"Mama amechoka," Ngalula akasema.

Nikatoa mfukoni kile kitabu cha hadithi nimalizie ule ukurasa uliobaki. Bibi akanishika mkono, tena akanibana mpaka nikaumia.

"Acha. Kwetu, hadisi ya muntu angali muzima, muntu mwingine haimalizake. Ukiimaliza, umesema alishakufa. Huyu mutoto walishamudanganya mara moja."

Nikakirudisha kitabu mfukoni. Treni ilikuja juma lile lile. Niliwapa kaseti, ingawa hawakuwa na redio ya kuipigia, nikamwona Ngalula akipandishwa dirishani, na sikumwona tena.

Gerezani, mama yake aliniuliza jambo moja. "Alisikia mupaka mwisho?"

"Hapana, mama. Pile zilikufa. Lakini alicheka, na alijua ni weye."

Alilia sana. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi wakati ule nilijua nini? Kisha akaomba kitabu. Tangu hapo, kila Alhamisi alinisomea ukurasa ule wa mwisho, mpaka akausoma bila kidole. Kuurekodi upya hatukuweza, redio tulikuwa tumeibadilisha kwa unga. Mvua zilipoanza, homa ikamchukua humo humo ndani. Kwa sheria ya bibi yule, sasa ningeruhusiwa kuimalizia hadithi. Nimmalizie nani?

Siku nyingine namkasirikia bibi yule. Nasema, angeniacha nisome, mtoto angalau angekuwa na hadithi nzima. Siku nyingine nampa haki yote. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hili bado sijalimaliza moyoni.

Basi shika haya, mwanangu. Ukitumwa kubeba sauti ya mtu kwa mwanawe, ibebe kama ilivyo, na kukwama kwake na uchovu wake. Mtoto hamtambui mama kwa usafi wa sauti. Usimwambie mtoto kwamba mama amekufa kwa sababu wewe unaona aibu. Na mfungwa angali hai, usimzike kwa mdomo wako.

Mungu akujalie miguu inayofika kabla treni haijaondoka. Na kama huko Kasai yuko mwanamke aitwaye Ngalula, na watoto wake wanamwuliza mbuzi yule alifanywa nini, Mungu amjulishe kwamba mama yake alikuwa bado anasoma.