Waya wa Tundu la Pili

Siku ya nne baada ya kumzika Minza, kaka yake Nashoni Limbu alichukua kompyuta yake, mita ya kupimia umeme na bisibisi akaenda kwenye zahanati alikofia dada yake. Kule msibani, bondeni Usangu, ndugu walikuwa wameshatoa hukumu: aliyemuua Minza wetu ni muuguzi Juliana, yule Mhehe wa Mlandege, kwa kuiacha mashine ya oksijeni izimike. Kesho yake kamati ya zahanati ingekaa kumfukuza kazi. Ushahidi ulikuwa rekodi za Nashoni mwenyewe, zilizosema umeme ulikuwapo muda wote.

Maana fundi ni yeye. Ndiye aliyefunga pale kifaa cha kupima volti za betri za sola, ili akiwa kwake Iyunga azione kwenye kompyuta: tundu la kwanza betri za taa, tundu la pili betri za oksijeni. Na wiki mbili kabla ya msiba Juliana alimpigia simu.

"Wewe Msukuma, ng'ombe wako wameunywa umeme wangu? Mashine ya oksijeni inajizima."

Nashoni akatazama kompyuta. 25.4 na 25.4.

"Betri zimejaa, dada. Punguza hasira za Kihehe, chomeka plagi vizuri."

"Njoo uone kwa macho yako."

"Kifaa hakisemi uongo."

Hakwenda.

Sasa alichuchumaa mbele ya betri za oksijeni, akazigusisha mita. Volti kumi na tisa. Betri zimekufa. Kompyuta bado inasema 25.4. Akautoa waya wa taa kwenye tundu la kwanza, mahali pake akaunga betri ndogo ya volti tisa. Tundu la kwanza likasema tisa. La pili, ambalo hakuligusa, nalo likasema tisa.

Alijua maana yake. Ndani mna kipimo kimoja tu kinachozunguka tundu hadi tundu. Kikikuta pasipo na kitu, hubaki na namba ya jirani. Akafungua skrubu ya tundu la pili. Ilikuwa imeuma plastiki ya waya, haikugusa shaba.

Kila waya, kabla ya kuupeleka kwenye betri, Nashoni alikuwa na desturi ya kuzigusanisha ncha zake mbili ili kompyuta iseme sifuri. Lakini siku alipofunga kifaa hiki ilikuwa Ijumaa, jua likielekea kuzama, Sabato inaingia. Aliona namba nzuri, waya wa pili hakuujaribu, akakusanya vifaa, akawahi ibada.

Angeweza kuumenya ule waya, akaze, aondoke. Hakuna ambaye angejua. Juliana alimkuta amekaa sakafuni.

"Ni mimi, dada. Si wewe."

Juliana aliinama akautazama ule waya. "Nilikwambia uje," alisema, akarudi kwa wagonjwa.

Kesho yake mbele ya kamati Nashoni aliwaonyesha. Aliunga ile betri ndogo, wote wakaona tundu tupu likitaja namba isiyo yake. Mwenyekiti akauliza, "Fundi, una hakika unajua unachokisema?"

"Nina hakika. Muuguzi hakukosa. Niliyekosa ni mimi."

Baba yake, mzee Limbu, aliyekuja kumshtaki Juliana, aliinuka polepole akavua kofia.

"Binti," akasema, "nalifuta neno langu. Utusamehe nyumba nzima."

Juliana akaitika kwa kichwa, machozi yanamtoka. Barua ya kumfukuza ikachanwa palepale.

Nje, Nashoni alimfuata baba yake, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Baba, nisamehe."

Mzee hakumtazama. "Nitakusamehe. Mungu ameagiza, nami sina ubishi naye. Ila si leo, mwanangu. Leo panda gari urudi Iyunga."

Nashoni akaondoka matanga hayajaanuliwa, na Minza akabaki amelala kule bondeni, akiingoja asubuhi ya ufufuo.