Mkaguzi Hubeba Chakula Chake

Siku yangu ya kwanza katika ajira ya kudumu, Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa halmashauri hakunipa faili wala kiti. Aliniuliza kama nyumbani nina chupa ya chai na hotipoti. Nikamjibu ninavyo.

"Uvibebe kila uendako," akasema. "Mshauri anakula anakokwenda. Mkaguzi anakula alichobeba."

Nilicheka kimoyomoyo. Kabla ya hapo nilikuwa mshauri wa miradi, nikizunguka vijiji vya Ngara kwa mikataba ya miezi michache. Kazi ile huanza na hadidu za rejea, yaani maelezo ya ulichoitiwa na lini unamaliza. Aliyekuita ndiye anayekulipa, na kwa kuwa unataka akuite tena, unajifunza kusema mambo mazito kwa ulimi laini. Nilikuwa hodari wa hilo. Lakini mikataba ilikuwa na tabia ya kukatika shule zinapofunguliwa, ndipo nikaomba ajira nikiwa mtu mzima. Nikawekwa kwenye kipindi cha majaribio pamoja na vijana waliotoka chuo jana. Ukifaa unathibitishwa kazini, usipofaa unarudi ulikotoka.

Ninyi wakaguzi mnaoingia sasa mnakagua mengi mkiwa mmekaa. Sisi tulikwenda wenyewe hadi kwenye miradi kufanya uhakiki, maana yake kuona kwa macho kama kilichoandikwa kipo. Ukikuta tofauti unaandika hoja, na mwenye mradi hupewa nafasi ya kuijibu kabla taarifa haijafungwa.

Hoja yangu ya kwanza niliikuta Kirushya, hukohuko Ngara, kwenye zahanati iliyokuwa ikijengwa. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mzee Bizimana, mkulima wa migomba na maharage. Nikiwa mshauri nilikifundisha kikundi chake, na kila nilipofika nilikula kwake. Aliniita mwanangu. Baba yangu alikwisha kufariki, kwa hiyo neno lile nililipenda sana.

Mimi na Mkaguzi Mkuu tulikuta wameshaandaa ndizi, maharage na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Huko mwenyeji huonja kwanza mbele ya watu, mgeni ajue kinywaji ni salama, kisha humkabidhi kibuyu. Kukikataa baada ya hapo ni sawa na kumwita mwenzako mchawi. Mzee akaonja, akaninyooshea.

Mkaguzi Mkuu alikuwa nyuma yangu, akiangalia migomba ya watu. Nilijua kwamba nikipokea, huenda nisithibitishwe. Nilijua pia nikikataa nampoteza Mzee.

"Baba, leo nimekuja kukagua," nikasema. "Siwezi kunywa."

Mkono wake ukabaki hewani. Kisha akakishusha kibuyu taratibu.

"Kumbe sasa unaniogopa, mwanangu?"

Nilipanda ngazi kukagua kenchi za paa, na mbao zilikuwa nyembamba kuliko zilizotajwa kwenye mchanganuo wa vifaa. Mzee hakujua, aliamini alichoambiwa na mkandarasi. Lakini kamati yake ndiyo iliyozipokea, kwa hiyo hoja iliielekea kamati. Paa likaezuliwa na kupauliwa upya kwa gharama ya mkandarasi. Mzee alihojiwa kwenye mkutano wa kijiji, akaachia uenyekiti. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeandika hoja ileile nikiwa na rubisi yake tumboni. Nadhani ningeiandika, ila kwa ulimi laini.

Barua ya kuthibitishwa ilikuja, na haikunifurahisha kama nilivyotarajia. Tangu siku ile, nikikutana na Mzee na kumwamkia shikamoo, alitikisa kichwa tu na kupita. Hilo liliniuma.

Baadaye nilihamishiwa Biharamulo. Nilikagua maghala Nyarubungo na madarasa kwingineko, hotipoti yangu ikiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Nyakanazi peke yake ndiko nilikokula chakula cha watu, tena kwa kununua, nimebanana na madereva wa malori. Mkurugenzi mmoja alizoea kuniomba kwenye vikao vya kufunga ukaguzi, "Mama, hili huwezi kuliweka kama ushauri tu?" Nilimwambia ushauri niliuacha Ngara.

Sasa nimestaafu. Wakiniuliza kama nilichagua vizuri, nawaambia mshahara ulifika na watoto walisoma. Upweke wa kazi ile siuzungumzi.

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu, nikiwa nyumbani, nilisikia hodi. Alikuwa Mzee Bizimana, amezeeka sana, ameshuka kwenye basi la Ngara na kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba. Nikamwamkia.

"Marahaba," akaitikia, akaketi. Kuhusu paa hakutaja lolote. Alizibua kibuyu, akaonja, akaninyooshea.

"Bado uko kazini?"

"Hapana, baba."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Rubisi ilikuwa imechacha kwa safari. Niliinywa yote.